Simu ilipokosa saa zake

Tangu waya wa telegrafu ulipotua Unguja mwaka 1879 hadi tiki mbili za buluu, wanadamu wamekuwa wakilalamikia ujumbe usiosubiri. Katika makala haya ya historia, mtayarishaji wetu anaangalia jinsi waliotutangulia walivyoishi nao, na kwa nini safari hii umetuelemea.

Ninapoandika maneno haya simu yangu imelala juu ya meza, uso chini. Nimeigeuza kwa makusudi. Hata hivyo nimekwisha iinua mara nne tangu nilipokaa, na mara zote nne hapakuwa na kitu.

Niruhusu nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita nilichoshwa na kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Lilikuwa na watu zaidi ya 90, kutoka Tanga hadi Toronto, na halikulala, kwa sababu huku kunapokucha kwingine ndiyo kwanza watu wanakula chakula cha usiku. Salamu za alfajiri zenye picha za maua. Video za mafuriko ya nchi isiyotajwa jina. Dawa ya kitunguu saumu inayotibu kila maradhi. Na michango: ya arusi, ya hitima, ya paa la nyumba ya binamu. Nikalizima sauti kundi lile kwa mwaka mzima, na kwa kweli usingizi ulinirudia.

Kisha siku moja, nikipitia jumbe kwa uvivu ndani ya treni, nikakuta watu wanapeana pole. Nikarudi nyuma, nikarudi nyuma zaidi, hadi nikalifikia tangazo lenyewe. Mama mdogo, aliyenilea miaka mitatu mama yangu alipokuwa masomoni, alikuwa amelazwa hospitali siku nne, akafariki, na alikuwa amekwisha zikwa. Hakuna aliyenipigia. Kila mmoja aliamini kuwa nimeona, maana habari ilikuwa kundini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo jibu lake nimelitafuta zaidi katika historia kuliko katika vitabu vya madaktari. Watu wa zamani nao walipata habari za ghafla kutoka mbali, nao walikuwa na ndugu wenye maneno mengi. Je, walikuwa na nini ambacho sisi tumekipoteza?

Waya wa Aden

Neno lenyewe, simu, lina safari yake. Asili yake ni Kiajemi, ambako "sim" ni waya. Waswahili walipolipokea hawakuwa wakizungumzia chombo cha kuweka sikioni, bali telegrafu. Aliyetaka kupeleka simu alikwenda ofisini, akaandika maneno yake kwenye karatasi, karani akayahesabu, naye akalipia neno kwa neno. Kwa miaka mingi baadaye ilibidi watu wafafanue kama wana maana ya simu ya maandishi au simu ya mdomo.

Waya huo ulifika Unguja mwaka 1879, wakati wa Seyyid Barghash bin Said, ingawa sababu ya kufika kwake haikuwa Unguja. Tarehe 22 Januari mwaka huo jeshi la Wazulu liliwashinda Waingereza huko Isandlwana, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini. Habari hiyo haikufika London hadi tarehe 11 Februari, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia ilibidi ibebwe kwa meli. Serikali iliyokwisha zoea kupata habari za India kwa muda wa saa chache iliona aibu kuchelewa kiasi hicho kuujua msiba wake yenyewe. Kabla mwaka haujamalizika, kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imelaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka Unguja kupitia Msumbiji hadi Durban. Jengo la zamani la simu pale Shangani bado limesimama ukingoni mwa bahari. Siku hizi ni hoteli, na wageni hunywa kahawa mahali makarani walipokuwa wakihesabu maneno.

Fikiri, msikilizaji, maana ya badiliko hilo. Kabla ya waya, balozi wa kigeni aliyeko Unguja na aliyehitaji shauri la wakubwa wake Ulaya alisubiri wiki nyingi. Katika kusubiri huko hasira zilipata nafasi ya kupoa. Wazee walikaa, wapatanishi walikwenda na kurudi, na lilikuwapo jambo ambalo lilikwisha lenyewe kabla jibu lake halijavuka bahari.

Sasa litazame tukio la mwaka 1896. Tarehe 25 Agosti Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Siku hiyo hiyo binamu yake, Khalid bin Barghash, aliingia katika jumba la kifalme bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Balozi mdogo wa Uingereza, Basil Cave, akapeleka simu London akiuliza kama anaruhusiwa kulipiga jumba kwa mizinga iwapo njia za amani zitashindikana. Idhini ilimfikia siku iliyofuata. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu, muda aliopewa Khalid ulikwisha, na manowari zikafyatua. Kwa muda wa dakika 40 hivi, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Vitabu hupenda kuvitaja vita hivyo kuwa vifupi kuliko vyote duniani, na mara nyingi huvitaja kwa namna ya kuchekesha. Mimi, niliyesikia habari zake kutoka kwa watu ambao babu zao walikuwa mjini siku ile, sijaona kinachochekesha.

Sidai kwamba pasipo waya vita hivyo visingetokea. Tamaa ya dola ilikuwapo kabla ya telegrafu. Ninachosema ni kwamba kati ya kifo cha sultani na mizinga zilipita siku mbili tu, na katika siku mbili hizo swali na jibu vilikwenda na kurudi kati ya Unguja na London kabla wenyewe hawajamaliza matanga.

Wagonjwa wa kasi

Upande wa pili wa dunia, kasi hiyo ilikuwa imekwisha anza kulalamikiwa na wale hasa iliowatajirisha. Mwaka 1868 mfanyabiashara mashuhuri wa New York, William Dodge, alieleza jinsi telegrafu ilivyomharibia mfanyabiashara maisha yake. Zamani, alisema, mtu alipokea habari za masoko ya ng'ambo kwa meli, akatoa maagizo yake, kisha akasubiri. Sasa habari zinamjia kutwa, na hata anaporudi nyumbani amechoka na kukaa mezani na watu wake, simu kutoka London humkatiza chakula na kumrudisha mbio kazini. Badilisha jina la mji, badilisha chombo, na malalamiko hayo ungeweza kuyasikia jioni hii katika nyumba yoyote.

Miaka 13 baadaye, yaani 1881, daktari wa Kimarekani George Miller Beard alichapisha kitabu kizima juu ya uchovu wa neva wa wananchi wenzake, maradhi aliyokuwa akiyaita neurastenia. Alitaja sababu kuu tano: nguvu ya mvuke, magazeti, telegrafu, sayansi, na shughuli za akili za wanawake. Hiyo ya tano inatukumbusha kwamba hata mtu anayeiona vizuri zama yake hupofuliwa nayo. Nayo tiba aliyoipenda? Umeme. Daktari huyo aliwatibu kwa mkondo wa umeme watu aliodai kuwa wameugua kwa ajili ya waya wa umeme. Ninapoona leo programu ya simu inayouzwa ili ikusaidie kupunguza matumizi ya simu, humkumbuka Beard.

Hata Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu ya mdomo tarehe 7 Machi 1876, husimuliwa kwamba hakutaka chombo hicho katika chumba alichofanyia kazi. Alipozikwa, tarehe 4 Agosti 1922, huduma za simu kote Marekani na Canada zilisimamishwa kwa dakika moja kwa heshima yake. Dakika moja ya ukimya kwa bara zima. Tuiweke akiba habari hiyo, tutairudia.

Saa za simu

Hapa sasa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Ujumbe wa haraka umekuwapo duniani kwa zaidi ya miaka 150, na malalamiko pia. Lakini kwa sehemu kubwa ya muda huo ujumbe ulikuwa na vizuizi viwili ambavyo hakuna aliyevipenda, navyo ni bei na mahali.

Telegramu ililipiwa kwa neno, kwa hiyo hapakuwa na aliyeituma kuwatakia ukoo mzima asubuhi njema. Maneno matatu, "Mama mgonjwa njoo", yalitosha kumtoa mtu Nairobi hadi Lamu. Ofisi ya posta ilifungwa jioni. Nayo simu ya mezani ilikuwa ya nyumba au ya ofisi, wala haikumfuata mtu shambani, msikitini, kanisani wala kitandani.

Mtaani kwetu Tanga, nilipokuwa mtoto, simu ilikuwa dukani kwa jirani mmoja. Kaka yetu mkubwa alikuwa akifanya kazi Dubai. Alipiga Jumapili, baada ya sala ya alasiri, na sote tulikwenda kukaa juu ya magunia ya mchele kumsubiri. Alizungumza na mama dakika tano, na baba mbili. Sisi wadogo tulipewa nafasi ya kusema "shikamoo" na kusikia "marahaba" iliyochelewa kidogo, kana kwamba imeogelea. Wiki nzima iliyobaki hatukujua anakula nini wala anavaa nini, wala hatukumshuku kuwa anatudharau kwa kutojibu. Simu ilikuwa na siku yake. Na ikiwa jirani aligonga mlango usiku kusema mnaitwa kwenye simu, hapakuwa na haja ya kuuliza. Wanawake walikwisha anza kulia kabla ya kufika dukani.

Sisemi kwamba zama hizo zilikuwa bora. Wapo waliozikwa bila ya watoto wao kujua kwa miezi. Wapo wachumba waliopoteana kwa sababu barua moja ilipotea. Mtu anayetamani kurudi huko hakuyaishi.

Simu za mkononi zilipoanza kuingia kwetu, Dar es Salaam mwaka 1994, Uganda mwaka uliofuata, zilikuwa za matajiri, na bei ya dakika moja ilimtisha hata tajiri. Ndipo watu wetu wakazua kitu ambacho mimi hukihesabu miongoni mwa uvumbuzi mkubwa wa mawasiliano, ijapokuwa hakuna aliyekipatia hataza. Wengine walikiita kubipu, wengine kuflashi. Unapiga, inaita mara moja, unakata. Hakuna aliyelipa senti, na ujumbe umefika.

Mtafiti Jonathan Donner, aliyechunguza jambo hilo nchini Rwanda na kuchapisha matokeo yake mwaka 2007, aligundua kuwa haukuwa mchezo wa ovyo bali ulikuwa na kanuni. Bipu moja iliweza kumaanisha nipigie. Nyingine, ya watu waliokubaliana, ilimaanisha nimefika, au njoo unichukue. Nyingine ilikuwa salamu tu, nakukumbuka. Mwenye uwezo ndiye aliyetarajiwa kulipia mazungumzo. Kijana anayemtongoza msichana hakutakiwa kumbipu, maana angejionyesha fukara. Watu wasiokuwa na mwalimu wala mwongozo walikuwa wamejijengea adabu nzima juu ya mlio mmoja. Na ndani ya adabu hiyo kila mtu alijua lipi linahitaji jibu sasa, lipi linaweza kungoja, na lipi halihitaji jibu kabisa.

Mimi nilipokuja Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000, kanuni hizo nilikuja nazo. Nilinunua kadi za kukwangua za pauni 5, nikabonyeza tarakimu nyingi nisizozikumbuka tena, na mwanamke asiyeonekana akaniambia zimebaki dakika 11. Mama alinibipu mara moja kila Ijumaa. Sikumpigia. Ilikuwa na maana ya kuwa wote wazima.

Mwaka 2009

Mwanahistoria wa siku zijazo atakapotafuta mwaka ambao vizuizi hivyo viwili viliondoka, nadhani atauwekea alama mwaka 2009. Mwezi Februari mtandao wa Facebook, ulioanzishwa mwaka 2004, uliweka kitufe cha kuonyesha kupenda. Mwezi Juni simu za iPhone, zilizoanza kuuzwa 2007, zilipata uwezo wa kupokea arifa kutoka programu za kila aina hata kama mwenyewe hakuzifungua. Mwaka huo huo WhatsApp ilianzishwa. Na mwaka huo huo, miaka 130 baada ya waya wa Aden, nyaya mpya za intaneti zilitua pwani yetu: Seacom mwezi Julai, ikafika Mombasa na Dar es Salaam, na ule wa TEAMS uliounganisha Mombasa na Fujairah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Njia ya bahari ni karibu ile ile ya majahazi. Lakini jahazi lilingoja msimu wa upepo.

Bei ikaanza kushuka hadi mtu akasahau kuwa ipo. Mahali pakaondoka, kwa kuwa simu ililala mtoni. Na kilichoziba nafasi ya vizuizi hivyo hakikuwa adabu mpya, bali ufundi wa kutufanya turudi tena na tena. Tangu katikati ya karne iliyopita mwanasaikolojia wa Kimarekani B. F. Skinner alikuwa amekwisha onyesha, kwa majaribio ya njiwa na panya, kwamba mnyama anayepata chakula kila anapobonyeza hutulia, bali anayekipata mara moja moja bila kujua ni lini hubonyeza bila kukoma. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, ambao ukiuteremsha kwa kidole huleta mengine na mengine. Baadaye alijitokeza hadharani kujutia kazi hiyo. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho. Hata taarifa ya habari ya redio, nasema hivi nikiwa mtu wa redio, huisha na kupisha muziki.

Lakini kwa jamii zetu, naona jambo zito zaidi lilikuja mwezi Novemba 2014, na lilikuwa dogo mno: tiki mbili kugeuka rangi ya buluu. WhatsApp ilianza kumwambia mtumaji kuwa ujumbe wake umesomwa. Malalamiko yalikuwa mengi hata ikabidi mwezi huo huo waweke njia ya kuizima alama hiyo. Wengi hawakuizima. Vijana wakaligeuza kuwa kitenzi, wakasema fulani amenibluutiki, yaani amesoma akaninyamazia. Ukimya, ambao katika zama za bipu ulikuwa na maana ya kwamba wote wazima, sasa ukawa tusi.

Na kwa aliye ughaibuni ukimya una bei. Tuseme wazi, msikilizaji. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na huduma za namna hiyo kuenea, simu imekuwa pia mkoba. Anayekuandikia saa tisa ya usiku kwa saa za Chicago huenda hakukusudia kukuamsha; kwake ni mchana, na mtoto amerudishwa shule kwa ajili ya ada. Ukifungua, tiki ni za buluu. Usipofungua, unajiona mwovu. Nimezungumza na wauguzi wa Birmingham na madereva wa Doha walioniambia kwamba kinachowachosha si kusoma ujumbe, ila ni kuuogopa kabla haujaja.

Mara tatu kwa siku

Wataalamu wanatuambia nini? Gloria Mark, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, amepima kwa miaka mingi muda ambao mtu hukaa na jambo moja kwenye kioo kabla ya kuhamia jingine. Mwaka 2004 alipata wastani wa dakika mbili na nusu. Katika miaka ya karibuni umeshuka hadi sekunde 47 hivi.

Utafiti ulionisaidia mimi, hata hivyo, ni wa aina nyingine. Mwaka 2015 Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn, wa Chuo Kikuu cha British Columbia huko Canada, waliwataka watu 124 wafungue barua pepe zao mara tatu tu kwa siku kwa muda wa wiki moja, na wiki nyingine wazifungue kadiri wapendavyo. Wiki ya mara tatu msongo ulipungua. Mwaka 2019 Kushlev na wenzake wakatoa matokeo ya jaribio jingine, lililofanywa kwa watumiaji wa simu nchini India. Baadhi waliachiwa arifa zije kama kawaida, wengine wakazipata kwa mafungu mara tatu kwa siku, na wengine zikazimwa kabisa. Waliopata mara tatu walikuwa watulivu zaidi. Waliozimiwa kabisa hawakutulia, bali wasiwasi uliwazidi, kwa kuhofia kuwa kuna linalotokea wasilolijua.

Niliposoma matokeo hayo nililikumbuka duka la jirani. Jumapili baada ya alasiri. Kumbe haikuwa umaskini peke yake uliotutuliza. Tulijua saa ambayo habari itakuja, na tulijua kwamba ikija nje ya saa hiyo basi ni nzito. Mimi niliyelizima kundi mwaka mzima nilikuwa katika lile fungu la tatu. Nilifunga mlango badala ya kuuwekea saa.

Ziko nchi zilizojaribu kuurudisha mpaka huo kwa sheria, angalau kazini. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao juu ya haki ya kutoshughulikia ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi; Australia ilianza kutekeleza haki ya namna hiyo Agosti 2024. Nchini Kenya mswada wenye shabaha hiyo uliwasilishwa katika Baraza la Seneti mwaka 2022. WhatsApp yenyewe, kwa sababu za uvumi zaidi kuliko za usingizi wetu, iliweka kikomo mwaka 2019: ujumbe hausambazwi kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja. Lakini hakuna bunge litakalotunga sheria juu ya shangazi. Wala nasaha za kuzima simu mwisho wa wiki hazimfai dada aliyeko katika nyumba ya mwajiri huko Ghuba, ambaye simu hiyo ndiyo mlango wake pekee wa kutokea.

Nilisema tutairudia dakika ya Bell. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Afrika Mashariki ilikuwa jioni ya saa kumi na mbili na ushei. Zilirudi baada ya saa sita ya usiku. Mimi nilikuwa zamu hapa London, na katika saa ya kwanza nilikuwa kama watu wengine wote, nikiwasha na kuzima. Katika saa ya tatu simu yangu ikalia, mlio wa simu yenyewe, na jina lililotokea ni la mjomba ambaye kwa miaka miwili nilikuwa nikimwona kwenye kioo akisambaza dua. Hakuwa na shida. Alisema tu kwamba mtandao umekatika, akaona afadhali apige. Tulizungumza dakika 40. Nilisikia jogoo aliyepotea saa akiwika nyuma yake.

Ni mjomba huyo huyo niliyemwendea baada ya msiba wa mama mdogo. Hakunilaumu kwa kulizima kundi. Alisema hata yeye amelizima. Tukakaa kwa simu, yeye, mimi na dada zangu wawili, tukapatana mambo mawili. La kwanza, habari ya ugonjwa au kifo haiwekwi kundini mpaka watu wa karibu wamepigiwa mmoja mmoja, na mjomba amegawa nani anampigia nani. La pili tumeliazima kwa wazee wa bipu. Simu nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kunyamaza usiku, lakini mtu yule yule akipiga mara mbili ndani ya dakika chache, huita hata kama imenyamazishwa. Basi piga, kata, piga tena. Mara moja tu maana yake nakukumbuka, utanijibu ukipata nafasi. Mara mbili maana yake amka. Kundi lenyewe nalifungua mara tatu kwa siku, na tiki zangu za buluu nimezizima. Nilimweleza kila mtu kwa nini, na walionuna walikuwa wachache kuliko nilivyodhani.

Wiki mbili zilizopita, saa saba ya usiku, simu iliita, ikakatika, ikaita tena. Niliruka kitandani moyo ukinidunda, nikaona namba ya dada yangu wa Tanga, nikapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanawe wa miaka sita. Alitaka kujua kama ni kweli inaita.